Siku Niliporudishwa Kwetu na Viti Mia na Hamsini

Mkasa huu umenigharimu mbuzi mmoja, majogoo wawili, cheo kimoja, na kiti kimoja cha plastiki cheupe chenye namba 150 mgongoni. Nimehesabu mara mbili. Aibu sijaihesabu, kwa sababu aibu haiuzwi rejareja, unaibeba yote kwa mpigo, na yangu niliibeba mbele ya watu mia na hamsini kamili. Idadi hiyo nina uhakika nayo, maana viti vilijaa vyote na aliyevipanga ni mimi.

Jina langu Shaibu, ila pale Nachingwea ukiniulizia kwa jina hilo utazungushwa mpaka jua lizame. Ulizia Mara Mbili, utaletwa hadi mlangoni. Nafanya kazi kwa Bi. Somoe, mama mmoja anayekodisha vifaa vya shughuli: maturubai, viti, sahani, vijiko, spika, na yale masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Anayeoa anapita kwake, anayefiwa anapita kwake, anayemtoa mwali anapita kwake. Nilikuwa mkuu wa stoo, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu vitu vikitoka stoo na kuvihesabu vikirudi, na katikati ya kutoka na kurudi, nalala navyo. Hapo ndipo penye kidonda. Shughuli ikiwa ya siku mbili, lazima mtu alale pale alinde mali, na mtu huyo kwa miaka tisa alikuwa mimi, juu ya viti sita vilivyounganishwa, vitatu kwa vitatu (cha nne kila mara kinateleza, na ndicho kinachobeba kiuno).

Nilikuwa nimemwomba Bi. Somoe anitafutie mtu wa kupokezana naye. Nilimwomba mara tatu. Mara zote tatu alinijibu, "Tutaangalia, Shaibu," na mimi nikawa naangalia, na nilichokiona ni viti sita.

Sasa, mimi ni mtu wa kupatana bei. Sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza tangu nipate akili, na dawa yangu ni moja tu: unashika bidhaa, unaitazama kama imekukosea, unataja bei yako, anakataa, unairudisha polepole mahali pake, unageuza mgongo, unatembea. Mwenye nyanya anakuita hatua ya tatu. Mwenye mitumba anakuita hatua ya tano. Mwenye viatu ana kiburi kidogo, anakuacha ufike hata hatua ya tisa, lakini anakuita. Nikajiuliza, Bi. Somoe naye si mfanyabiashara? Kwa nini asiite?

Basi Jumatatu moja asubuhi nikaingia ofisini kwake, nikamwamkia, nikasimama, nikasema, "Bi. Somoe, nafikiria kuacha kazi."

Naomba mnielewe hapo. Nilisema nafikiria. Neno lile nililichagua kwa makini, lilikuwa ni kupapasa kitambaa kwa vidole, sikuwa nimekata hata nusu mita.

Akaweka kalamu chini. Akanitazama. Mimi moyoni nikaanza kuhesabu hatua: moja, mbili, tatu.

"Unafikiria tangu lini?"

"Muda sasa," nikasema (tangu jana yake, baada ya kula).

"Na ukiacha unakwenda kufanya nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, kwa sababu mwenye nyanya hakuulizi unakwenda wapi. Nikasema kilichokuja mdomoni. "Kulima. Kuna mikorosho ya marehemu baba kule Narung'ombe. Na ufuta kidogo."

"Lini?"

Nikaona nikitaja siku maneno yangu yatakuwa na uzito zaidi. "Mwisho wa mwezi."

Bi. Somoe akavuta ncha ya ushungi akajifuta jicho. Nikajua sasa ananiita. Akasema, "Miaka tisa, Shaibu. Hukunipotezea hata kijiko ambacho hatukukipata. Mtu kama wewe haondoki kimya kimya kama mpangaji wa gesti. Mama yako alinikabidhi wewe mkononi, na mimi nitakurudisha mkononi."

Hapa lazima nieleze. Miaka tisa iliyopita Bi. Somoe alileta viti kwenye harusi kijijini kwetu, vikapungua viwili, mimi ndiye niliyevitafuta mpaka nikavipata, akanipenda. Hakunichukua juu juu. Alikwenda kukaa mkekani kwa mama, akaniomba kama mtu anayeposa, na mama akamwambia, "Mchukue. Lakini siku ukimchoka mlete hapahapa, usimwache njiani." Wakashikana mikono. Mimi neno hilo nilikuwa nimelisahau. Bi. Somoe alikuwa hajalisahau.

Jioni ile likafunguliwa grupu la wasapu, TUMSINDIKIZE MARA MBILI. Dadi, dereva wetu, ndiye aliyekuwa katibu. Akaniingiza na mimi kwa bahati mbaya, akanitoa, kisha akanirudisha akisema mambo ya heri hayana siri. Michango ikaanza kumiminika, na kwa kuwa nakwenda kulima, ilimiminika kishamba: majembe manne, mapanga mawili, mabuti, kilo tano za mbegu ya ufuta, khanga doti mbili za mama yangu, na majogoo wawili. Jogoo mkubwa zaidi alitoka kwa mama mmoja wa Chiola ambaye mwaka jana nilimlipisha upawa uliopotea. Aliandika, "Namtoa kwa furaha kabisa." Niliposoma mara ya pili nikaona furaha ile ilikuwa imezidi kipimo.

Mke wangu akaniambia usiku uleule, "Kesho nenda kamwambie ulikuwa unatania."

"Bado," nikamwambia. "Hii ndiyo hatua ya tano."

"Hatua ya tano ya wapi, baba Mariamu? Yule mama hauzi nyanya."

Sikumsikiliza, na nitawaambia kwa nini, mnicheke vizuri. Kila mchango ulioingia mimi niliuona ni bei yangu inapanda. Nikasema, kama watu wanatoa majembe manne, basi siku ya kuniita hatanipa mtu wa kupokezana naye tu, atanipa na godoro. Nikazidi kutembea.

Wiki iliyofuata akaja msichana anaitwa Asha, mtulivu, ana daftari lake. Bi. Somoe akasema, "Shaibu, mwelekeze stoo." Nikamwelekeza huku nikingoja ashindwe. Hakushindwa. Viti anavipanga kumi kumi, anapita mara moja, anaandika, anafunga daftari. Mimi nikimaliza mzunguko wangu wa pili namkuta amekaa, ananisubiri kwa heshima. "Umepata ngapi, kaka?" ananiuliza. Namtajia. "Eeh, ndiyo hiyo," anasema.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika na sikuwa nimeitwa. Asubuhi kenta ikaletwa, nikapakia mwenyewe viti mia na hamsini vya kwenda kuniaga, maana hakuna mwingine anayejua kuvibana visicheze. Nikavihesabu vikipanda. Kisha nikawekwa mbele, katikati ya Dadi na Bi. Somoe, wenzangu wa kazini nyuma wakiimba.

"Bi harusi," Dadi akaniambia, "usilie, poda itafutika."

Tulipoingia Ruangwa mjini, Bi. Somoe akamwambia Dadi apunguze mwendo, apige honi, watu wajue tunamsindikiza mtu wa maana. Watu wakasimama barabarani kututazama. Bodaboda wawili wakatufuata wakidhani kuna harusi. Nikaona hapa ndipo, nikafungua mdomo. "Bi. Somoe, mimi kwa kweli..."

"Usiseme kitu, Shaibu," akanishika goti. "Ukisema nitalia, na nikilia leo sitanyamaza."

Nikarudisha macho barabarani. Hiyo ilikuwa hatua ya mia moja na kitu.

Tukafika kwetu Narung'ombe. Nilitegemea vigelegele. Nikakuta ukimya. Ndugu zangu wote wamekaa mkekani vichwa chini, mama yangu katikati amejifunika khanga hadi kwenye paji la uso, na pembeni amefungwa mbuzi. Mjomba Selemani amevaa kanzu.

Ilikuwa hivi. Bi. Somoe alimpigia simu jirani mwenye simu nzuri, akamwambia, "Mwambie mama yake Shaibu kwamba Jumamosi tunamleta mwanawe, tunakuja na wafanyakazi wenzake wote, awakusanye wazee." Sasa fikirini wenyewe. Mtu anarudishwa kwao na tajiri wake, ndani ya gari, mashahidi nyuma, wazee wakusanywe. Mama alinipigia kwa simu hiyohiyo ya jirani kuuliza kuna nini, na mimi kwa kuwa nilikuwa bado natarajia kuitwa, nilimjibu, "Mama, we subiri, utaona Jumamosi." Mama akakata simu akaenda kutafuta mbuzi.

Tukafunga turubai haraka, masufuria ya pilau yakainjikwa, viti vikapangwa, spika ikawashwa (nikaiwasha mimi, na ndiyo spika yetu nzuri, inasikika hadi kisimani), na kijiji kizima kikakaa, kwa sababu habari za mwizi kurudishwa zilikuwa zimetutangulia. Mjomba Selemani akaomba kipaza sauti kabla ya mtu yeyote.

"Bibi mwajiri," akasema, "kijana huyu ni wetu, hatumkani. Hatujui amechukua nini, na hatutaki kutajiwa hadharani. Tunaomba radhi. Mbuzi yule pale ni mwanzo tu. Kinachobaki mtupe muda."

Nilitamani turubai liniangukie. Bi. Somoe akasimama amepigwa na butwaa, akachukua kipaza sauti. "Jamani! Amechukua nini? Huyu mtoto hajachukua hata kijiko! Ameaga mwenyewe. Ameniambia anarudi kulima shamba la baba yake, nami nimekuja kumkabidhi kama tulivyoahidiana na mama yake."

Vigelegele hivyo sasa! Mama akafunua uso, mjomba akaketi anajipepea, watu wakapiga makofi, na mimi kwa dakika moja nikawa mtu mkubwa kabisa Narung'ombe. Dakika moja. Nimeihesabu mara moja tu maana haikurudi.

Mstari wa mbele alikuwa amekaa Mzee Nkwabi, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wake, mtu mrefu, kofia kubwa, fimbo mkononi. Akainua ile fimbo kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

"Samahani, mama. Anarudi kulima shamba lipi?"

"La baba yake," Bi. Somoe akasema.

"Hapo ndipo sijaelewa. Shamba la baba yake nalima mimi. Alinikodishia misimu mitatu, na huu ndio wa kwanza. Hela nilimpa mkononi." Akanigeukia. "Shaibu, si ulizihesabu mara mbili mbele yangu? Sasa niambie kabisa, niwahamishe ng'ombe leo, au nile pilau kwanza?"

Watu walicheka hadi kiti kimoja kikavunjika mguu (nikakiandika). Lakini nilipomtazama Mzee Nkwabi niliona hacheki. Ana wake wawili na watoto tisa, mahindi yake yamefika magotini, na yeye alidhani kweli nimekuja kumtoa. Hapo ndipo nilipoona utani wangu umekuwa kitu kingine.

Bi. Somoe akanitazama, akanipa kipaza sauti. Nilitafuta uongo wa tatu, nikakosa.

"Mzee Nkwabi, shamba ni lako, lima," nikasema. Sauti yangu ikaenda hadi kisimani na kurudi. "Bi. Somoe, mimi sikuwa naondoka. Nilikuwa napatana bei. Nilidhani nikigeuza mgongo utaniita."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Mtu wa kupokezana naye kulala na viti."

"Hicho tu?"

"Na godoro," nikasema, kwa sababu tabia ni tabia.

Akavua miwani. "Shaibu, Asha nilishampata kabla hujaingia ofisini kwangu Jumatatu ile. Nilimtafuta aje kukusaidia. Nilikuwa na mpango wa kukuambia wiki ileile. Uliponiambia unaondoka, nikampa stoo. Sasa nikutoe wewe au nimtoe yeye? Stoo moja haiwezi kulipa wakuu wawili."

Pilau ile ililiwa na kila mtu isipokuwa mimi. Mbuzi naye akachinjwa, kwa kuwa alishafungwa na watu walikuwa wengi, na Mjomba Selemani akapita sikioni mwangu akanikumbusha kwamba mbuzi ni wake na aliyeokolewa ni mimi. Majogoo nao wakaingia sufuriani. Nikakaa nyuma ya kenta nikipiga hesabu: sina kazi, sina shamba, nina majembe manne. Nikahesabu tena. Majembe hayakupungua, kazi haikuongezeka. Nikamfikiria Mariamu na ada yake, nikaacha kuhesabu.

Jioni wakaanza kupakia. Asha akapita mara moja, akafunga daftari, akasema, "Mia na arobaini na tisa, pamoja na kilichovunjika." Mimi kwa mazoea nikapita mara mbili. Mia na arobaini na tisa.

Namba 150 alikuwa amekikalia mama yangu, mlangoni kwake, mikono magotini.

"Mama," Bi. Somoe akamwambia kwa upole, "tunaomba kiti, safari imeiva."

"Hakiondoki."

"Mama, hicho ni kiti cha kazi."

"Na yule ni mtoto wa kazi," mama akasema. Kiswahili chake ni cha kupima, kila neno analitoa kama anayebania chumvi. "Nilikupa mtoto, ana nguvu, ana shamba. Umeniletea hana kazi, hana shamba. Mimi nikae naye nimfanyeje? Mpakie. Ukimpakia, nami nasimama."

"Mama yangu, kiti ni kimoja. Mshahara ni kila mwezi."

"Basi nenda. Viti unavyo vingine."

Bi. Somoe akashika kiuno, akageuka, akatembea kuelekea kwenye gari. Mimi nikahesabu, siwezi kujizuia. Hatua ya tatu, mama kimya. Ya tano, kimya. Ya tisa, mama anatoa uzi kwenye khanga. Hatua ya ishirini na mbili Bi. Somoe akashika mlango wa kenta, akasimama, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Akageuka akiwa anacheka hadi machozi.

"Kumbe!" akasema. "Miaka tisa najiuliza huyu mtoto tabia hii kaitoa wapi!"

Akarudi. Hatua zote ishirini na mbili akazirudi, akachuchumaa mbele ya mama yangu, wakashikana mikono kwa mara ya pili katika maisha yao. Masharti yakawa haya: narudi kazini, lakini mkuu wa stoo ni Asha na mimi ni msaidizi wake, msaidizi ndiye anayelala na viti, godoro hakuna. Nikapanda nyuma ya kenta kabla mtu hajabadili mawazo, nikakaa juu ya maturubai kama mzigo uliosahauliwa. Dadi akawasha gari.

"Mama," nikaita, "kiti!"

Mama alikuwa bado amekaa. "Kitakuja," akasema. "Kwanza mwezi uishe nione."

Bi. Somoe akachungulia dirishani, akapunga mkono. "Mwache nacho. Ila, Shaibu, kiti kile kiko juu yako. Siku kikiingia stoo, tutazungumza habari ya cheo chako. Kabla ya hapo, sizungumzi."

Hiyo sasa ni miezi mitano. Mjomba Selemani nilishamlipa mbuzi wake. Yule mama wa Chiola aliposikia nimerudi alidai jogoo wake, nikamnunulia mwingine, akampima kwa mkono akasema wake alikuwa mzito. Majembe Bi. Somoe amesema nibaki nayo, yakae ukutani kwangu niyaone kila nikiamka. Na nimeapa mbele ya mke wangu kwamba neno nafikiria halitatoka tena mdomoni mwangu mbele ya mtu anayenilipa mshahara. Nikitaka kitu nitakiomba mara ya nne, ya tano, hata ya kumi, uso kwa uso, bila kugeuka.

Kinachonishinda ni kiti. Nimekwenda Narung'ombe mara tatu kukiomba, kwa sababu bila kiti sina cheo, na Asha ananiita msaidizi kwa heshima ileile inayouma. Mama hakitoi. Anasema, "Wakishapata kiti chao watakuwa na shida gani na wewe?" Na ukilitazama neno hilo vizuri, huna pa kulishika.

Kwa hiyo nawaomba ushauri, nyinyi mnaojua kupatana na akina mama. Nimpe nini? Niseme nini? Ila msiniambie nigeuze mgongo. Nilijaribu Jumapili iliyopita. Kutoka mlangoni kwake hadi barabarani ni hatua mia mbili na kumi, na hesabu hiyo ni ya hakika, maana nilizihesabu kwenda na nikazihesabu tena kurudi.